Ishara na Hukumu

Ishara ni nyingi duniani kuliko maelezo. Wingu huonekana kabla ya mvua, homa huja kabla ya ugonjwa kujulikana, na manung'uniko ya watu husikika kabla ya ghasia. Mwenye macho huona, na mwenye masikio husikia. Lakini kuona na kusikia ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kujua la kutenda baada ya kuona. Swali ninalotaka kulipima katika insha hii ni fupi: mtu akipewa ishara kwamba pana ubaya, lakini asiambiwe ubaya huo umetoka wapi, yampasa kufanya nini?

Majibu ni matatu. La kwanza ni kuinyamazisha ishara ili moyo upate raha. La pili ni kuigeuza ishara kuwa hukumu, na kumwadhibu yeyote aliye karibu nayo. La tatu ni kuichunguza mpaka chanzo kijulikane. Majibu mawili ya kwanza ni mepesi, na kwa sababu ya wepesi wake yana wafuasi wengi. La tatu ni zito, nalo peke yake lina haki ndani yake. Ili maneno yangu yasiwe ya hewani, nitachukua mfano wa kitu kisicho na jamaa wala adui, kisichopendwa kwa ajili ya kabila wala kuchukiwa kwa ajili ya ukoo. Kitu hicho ni gari. Baadaye tutaona kwamba kanuni inayofaa kwa gari yafaa pia kwa maisha ya watu, na kwamba huko kuikosa hugharimu damu.

Milima ya Gusii, yenye kaunti mbili za Kisii na Nyamira, ni nchi ya miinuko na mabonde, migomba na michai, mvua nyingi na watu wengi. Barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka kupitia Keumbu, na ile iendayo Nyamira, hazikai tambarare kwa kitambo kirefu. Magari mengi yanayozipita ni madogo, yaliyotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa Kenya, na mojawapo ya yale maarufu ni Toyota Probox. Asubuhi hubeba walimu, adhuhuri hubeba ndizi, na jioni huwarudisha wachuuzi makwao pamoja na mizigo yao. Siku moja, katika dashibodi ya gari kama hilo, huwaka taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini. Gari halikuzimika, halikutetemeka, wala nguvu zake hazikupungua. Dereva hulipeleka kwa fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na kifaa huandika herufi na tarakimu: P0420. Maana yake, kwa maneno ya kawaida, ni kwamba uwezo wa mfumo wa kusafisha moshi umeshuka chini ya kiwango. Hapo ndipo mtihani wa tabia unapoanza.

Yafaa kwanza tujue mfumo huo ni nini. Chini ya gari, katika bomba la kutolea moshi, mna kopo la chuma liitwalo katalitiki. Ndani yake mna kauri ngumu yenye vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Moshi wa petroli unapopita humo, baada ya kopo kupata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi, sumu zake hugeuzwa. Kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huinyima damu oksijeni, hugeuka kuwa kaboni dioksidi. Mabaki ya petroli isiyoungua hugeuka kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Oksidi za nitrojeni, ambazo huumiza mapafu, huvunjwa zikawa nitrojeni na oksijeni, hewa zilizomo tayari katika pumzi zetu. Madini yenyewe hayaliwi na kazi hiyo. Huchochea mabadiliko na kubaki yalivyokuwa, kama msuluhishi mwema apatanishaye wagomvi bila kuchukua mali ya mmojawapo.

Chombo hiki kina historia yenye fundisho. Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alitengeneza chombo cha namna hii katika miaka ya 1950, wakati moshi wa magari ulipokuwa umeanza kuufunika mji wa Los Angeles. Alifariki mwaka 1962 kabla kazi yake haijaenea barabarani. Kizuizi kilikuwa madini ya risasi yaliyotiwa katika petroli ili injini iende vizuri, kwa maana risasi huyafunika madini ya katalitiki na kuyafisha. Ilikuwa kwa magari ya mwaka 1975 ndipo Marekani ilipoanza kutumia katalitiki kwa wingi, pamoja na petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliafikiana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa mwaka 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokwisha iacha. Mwaka 2021, Algeria ilipoacha kuiuza, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, lilitangaza kwamba petroli hiyo haiuzwi tena kwa magari ya barabarani mahali popote duniani. Basi kwa miaka mingi chombo chema kilionekana hakifai, kumbe sumu ilikuwa katika kile kilicholetwa kwake. Jambo hili tulishike, kwa kuwa litaturudia.

Sasa tuiangalie taa yenyewe. Wengi hudhani kwamba taa huona ndani ya katalitiki. Haioni. Kompyuta ya gari ina mashahidi wawili: kitambuzi cha oksijeni kilicho mbele ya katalitiki, na kingine kilicho nyuma yake. Injini hupewa petroli ikizidi kidogo, kisha ikipungua kidogo, tena na tena. Kwa hiyo oksijeni katika moshi utokao kwenye injini hupanda na kushuka. Katalitiki iliyo nzima huweka akiba ya oksijeni inapozidi, na kuitoa inapopungua, hata moshi utokao nyuma ukawa na hali moja. Mfano wake ni boma lenye ghala la wimbi. Mavuno yakiwa mengi, ghala hujazwa. Njaa ikija, ghala hufunguliwa. Na mtu atazamaye chungu jikoni haoni tofauti kubwa baina ya mwaka mwema na mwaka mbaya. Ghala likitoboka, kila ukame huonekana chunguni. Kitambuzi cha nyuma ndicho kitazamacho chungu. Kikianza kupanda na kushuka kama kile cha mbele, kompyuta husema kwamba yaelekea ghala halishiki tena. Haisemi kwamba ghala limetoboka, wala haimtaji aliyelitoboa. Imeona chungu tu, na chungu chaweza kubadilika kwa sababu nyingine.

Mtu wa jibu la kwanza hataki kujua hayo. Humwambia mwenye gari, "Mzee, hii ni taa tu. Tuizime uende zako." Njia za kuizima ni kadhaa. Iliyo nyepesi ni kufuta kumbukumbu ya kompyuta kwa kifaa. Taa huzimika papo hapo, na huweza kukaa siku kadhaa bila kuwaka, kwa sababu kompyuta huhitaji safari zaidi ya moja ili ithibitishe tena shaka yake. Muuzaji asiye mwaminifu huweza kufanya hivyo asubuhi na kuuza gari adhuhuri. Lakini kompyuta hukumbuka pia kwamba majaribio yake hayajakamilika, na mnunuzi mwenye kifaa huweza kulisoma hilo. Aliyefuta kumbukumbu hakuweza kufuta alama ya kufuta kwake.

Njia ya pili ni kukisogeza kitambuzi cha nyuma mbali na mkondo wa moshi kwa kipande cha chuma, kisipate habari kamili. Huko ni kumfundisha shahidi ushahidi wa uongo. Njia ya tatu ni kulipasua kopo, kuliondoa sega lililomo, na kulichomelea upya ili kwa nje lionekane zima. Na kwa kuwa sega hilo lina madini ya thamani, wapo wanaolinunua. Mwenye gari asiyejua thamani yake huliacha kwa fundi, akalipa ujira wa kuibiwa mali yake mwenyewe.

Ni nani aliyedhulumiwa katika mambo haya? Mwenye gari hasikii maumivu. Gari lake laenda, na dashibodi yake imetulia. Moshi hubaki nyuma yake. Hubaki Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, ambapo mama auzaye ndizi huketi hatua chache kutoka barabarani na mtoto mgongoni, na kijana achomaye mahindi huinama juu ya jiko lake magari yakipunguza mwendo mbele yake kutwa nzima. Watu hawa hawakupanda gari lile. Hawakupata faida ya safari yake, wala hawakuulizwa kama wakubali kuvuta pumzi yake. Kaboni monoksidi haina harufu ya kuwaonya. Taa iliwekwa ndani ya gari iseme kwa niaba yao, nayo imezimwa. Hapa ndipo uovu ulipo. Mtu akivunja chombo chake mwenyewe, hasara ni yake; akinyamazisha onyo lililokuwa haki ya wengine, amewanyang'anya kitu ambacho hata hawakujua kwamba wanacho. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Haki hiyo haitoki Nairobi kuja kumtafuta mama wa Keroka. Huishi au hufa mikononi mwa fundi na dereva.

Mtu wa jibu la pili ni bora kuliko wa kwanza kwa nia, lakini si kwa matokeo. Yeye huisoma nambari na kukata shauri mara moja: "Katalitiki imekufa. Nunua nyingine." Mwenye gari hukopa, huuza ndama, hulipa maelfu mengi ya shilingi, na kopo jipya hufungwa. Taa huzimika, watu wote hufurahi. Baada ya miezi kadhaa taa huwaka tena, na nambari ni ile ile. Kwa nini? Kwa sababu katalitiki aghalabu haifi yenyewe, huuawa. Plagi iliyochakaa huacha petroli isiyoungua ipite, nayo huungulia ndani ya sega na kuliyeyusha kwa joto. Injini iliyochoka hula oili, na mabaki ya oili hiyo huyafunika madini. Gasketi iliyoungua hupitisha maji ya rejeta ndani ya silinda, na dawa zilizomo katika maji hayo hufanya kazi ile ile iliyofanywa zamani na risasi. Tena huenda katalitiki haikufa kabisa, bali kitambuzi kimezeeka au bomba limetoboka. Katika kila hali hiyo, fundi mwenye haraka ameadhibu aliyeuawa, na muuaji amebaki ndani ya nyumba akimngojea mgeni mpya.

Twendeni sasa kwenye jibu la tatu. Uchunguzi wa haki huanza kwa kusikiliza shauri lote. Fundi mwema husoma nambari zote zilizoandikwa, wala hatosheki na moja. Ikiwa pamoja na P0420 imeandikwa pia nambari ya silinda isiyowaka sawasawa, hiyo ya pili hutangulizwa, maana huenda ndiyo mzazi wa ile ya kwanza. Husoma hali ya gari wakati taa ilipowaka, ambayo kompyuta imeihifadhi: joto la injini, mzunguko wake na mzigo wake. Kisha humwuliza mwenye gari. Je, petroli huisha upesi kuliko zamani? Je, oili hupungua ingawa haionekani ikivuja? Je, maji ya rejeta huongezwa kila wiki? Je, moshi ni wa samawati, au mweupe usiokoma hata injini ikiisha pata moto? Maswali haya hayagharimu hata shilingi moja, na mara nyingi hufunua zaidi ya vifaa.

Kisha huutafuta ufa. Injini ikiwa bado baridi, husikiliza mlio wa pumzi penye maungio ya bomba la moshi, na kutazama alama nyeusi za masizi. Tundu dogo mbele ya kitambuzi huvuta hewa ya nje baina ya pigo moja la moshi na jingine. Oksijeni hiyo ngeni hukidanganya kitambuzi, na katalitiki isiyo na hatia hushtakiwa. Barabara mbovu huyalegeza maungio hayo, na dawa yake huenda ikawa gasketi moja na bolti mbili. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa asiyeziba ufa hununua katalitiki.

Baadaye huwahoji mashahidi wenyewe. Injini ikiisha pata moto, huishika katika mizunguko kama 2,500 kwa dakika, na kutazama mchoro wa vitambuzi. Katika magari mengi kitambuzi cha nyuma kikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, katalitiki yafanya kazi. Kikipanda na kushuka upesi upesi, shaka huongezeka. Hata hapo fundi hakati shauri, bali hukijaribu kitambuzi: petroli ikizidishwa kwa makusudi, je, chatambua? Hewa ikizidishwa, je, chatambua? Shahidi aliyelala hafai kuaminiwa, awe anashtaki au anatetea. Hupima joto la bomba mbele na nyuma ya kopo, akijua kwamba kipimo hicho husaidia lakini hakitoshi peke yake. Huligonga kopo asikie kama sega limevunjika na linacheza ndani. Mambo haya yote yakikubaliana, na magonjwa ya injini yakiwa yamekwisha tibiwa, ndipo hutamka kwamba katalitiki imechoka. Neno hilo sasa ni hukumu ya haki, na katalitiki mpya itakayofungwa yaweza kuishi.

Pana jambo moja lisilongoja uchunguzi mrefu. Taa ikipepesa badala ya kuwaka kwa utulivu, maana yake ni kwamba petroli isiyoungua inamiminika katika katalitiki wakati uo huo na kuiharibu. Yampasa dereva apunguze mwendo na asimame mahali salama. Taa iliyotulia humpa mtu muda wa kuchunguza. Haimpi muda wa kusahau.

Yupo atakayesema kwamba maneno haya ni ya matajiri. "Mimi," atasema, "nina karo ya watoto, nina mkopo wa gari, na bei ya katalitiki ni zaidi ya mapato yangu ya mwezi. Mwacheni maskini azime taa yake." Hoja hii yastahili heshima, kwa kuwa haikutungwa na uvivu, imetungwa na maisha. Lakini tazama yale tuliyokwisha sema. Njia ya uchunguzi huanza na mambo ya bei ndogo: maswali, masikio, plagi, gasketi. Ni jibu la pili, la haraka, ndilo linaloanza na kitu cha bei kubwa. Maskini ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kuchunguza kabla ya kununua, kwa kuwa hana fedha za kununulia makosa. Na kama baada ya uchunguzi imethibitika kwamba katalitiki imekufa kweli, naye hana fedha, basi aitunze injini iwake safi kadiri awezavyo, aweke akiba, wala asimwuzie mwenziwe gari hilo kwa kuficha. Umaskini humwondolea mtu wajibu wa kutenda asiloliweza. Haumwondolei wajibu wa kusema kweli.

Mwingine atasema kwamba gari lake ni moja tu, na upepo wa milimani hutawanya moshi wake. Ni kweli kwamba upepo huutawanya. Walakini Mto Gucha, unaoanzia katika milima hii hii na kufika Ziwa Viktoria, ulianza kwa matone, na hakuna tone lililodai kwamba halikuufanya mto. Yule mama wa Keroka havuti moshi wa gari moja. Huvuta jumla ya magari yote ambayo kila mwenyewe amesema, "Langu ni moja tu."

Nilisema mwanzoni kwamba kanuni hii haikomi katika gari. Wahenga wetu walitufundisha kwamba pafukapo moshi pana moto. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yana mpaka: moshi hutuambia kwamba pana moto, hautuambii nani aliyeuwasha. Wanaosahau mpaka huo hufanya makubwa. Katika sehemu za Mwanza na Shinyanga, nchini Tanzania, wanawake wazee wengi waliuawa katika miongo iliyopita kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mojawapo ya ishara walizoshtakiwa kwazo ilikuwa macho mekundu. Macho yao yalikuwa mekundu kweli. Ishara haikusema uongo. Lakini wekundu huo waliupata kwa kuwapikia waume, watoto na wajukuu miaka mingi, wakiinama juu ya moto wa kuni na samadi katika nyumba zilizojaa moshi. Alama ya kulea ilisomwa kuwa alama ya kuua. Laiti mtu mmoja angaliuliza swali la fundi, "Nini kingine chaweza kuleta hali hii?"

Gusii nako hakukusalimika. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, katika Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wazee 4 waliuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Msiba unapoingia nyumbani, mtoto akaugua au kijana akafa ghafula, uchungu wa watu ni wa kweli, na haja yao ya kujua chanzo ni halali. Kosa huingia pale ambapo jirani mzee, kwa kuwa yu karibu na ni mnyonge, hufanywa chanzo. Katalitiki iliyohukumiwa bure hununuliwa nyingine. Bibi aliyehukumiwa bure hanunuliwi, wala machozi ya majuto hayamrudishi.

Jibu la kwanza nalo lina wafuasi katika maisha ya watu. Mtoto aliyezoea kucheka anaponyamaza, wazazi huambiana kwamba atakua tu, wasiulize nani amemtisha. Karani wa chama anapoonya kwamba hesabu hazilingani, wanachama humwambia asiwavurugie mkutano, na wakimwona msumbufu humwondoa. Siku hiyo mkutano huwa wa amani, kama dashibodi iliyofutwa kumbukumbu. Lakini fedha huendelea kupotea, na mtoto huendelea kuogopa. Aliyemnyamazisha mwonyaji na aliyemhukumu jirani huonekana kama watu wawili walio mbali mbali, mmoja mpole na mmoja mkali. Kwa hakika ni ndugu. Wote wawili wameikimbia kazi moja, kazi ya kukaa na swali lisilo na jibu kwa muda unaohitajika.

Kazi hiyo si ya kuumba kwa siku moja. Mtu hujizoeza nayo katika mambo madogo ili imwepo katika makubwa. Ndiyo sababu nimeona inafaa kuwaandikia vijana wa shule habari za taa ya manjano na kopo la chuma. Baadhi yenu mtakuwa mafundi wa magari, wengine waganga, walimu, machifu na mahakimu. Kila mmoja ataletewa ishara kila siku: nambari katika kifaa, homa katika mwili, alama ya chini katika daftari, tuhuma katika kinywa cha jirani. Mkono utatamani kuifuta, na ulimi utatamani kumtaja mtu. Uzuieni mkono, uzuieni na ulimi, mpaka mmesoma nambari zote, mmeutafuta ufa, na mmewahoji mashahidi mmoja mmoja. Kisha semeni mliyoyaona, kwa sauti ya kusikika, hata kama kweli hiyo ina gharama kwenu. Mtu atendaye hivyo anaweza kukosea, kwa kuwa ni mwanadamu. Lakini hatakuwa amemwadhibu asiye na hatia kwa haraka, wala hatakuwa amemwacha mama wa kando ya barabara avute sumu iliyokwisha julikana.